Moto, Pamba na Kijiti cha RAM

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka baada ya kuongezewa RAM, kila aliye karibu huwa na sababu yake tayari. Mwenye mashine husema RAM aliyouziwa ni mbovu. Kijana aliyeichomeka husema umeme ulikuwa ukicheza tangu asubuhi. Mpita njia aliyeingia dukani kukimbia jua husema mashine za Dubai ndivyo zilivyo. Asiye na sababu ni fundi peke yake. Kainama juu ya kasha lililo wazi, skrubu kazitia kwenye kifuniko cha chupa zisipotee, na hana la kusema.

“Vipi fundi, ndiyo imekufa?”

“Haijafa, bibi. Hebu wacha kwanza. Rudi baada ya laasiri, inshaallah.”

Mteja asiye na subira husikia hapo ujanja wa mafundi, na mara nyingine ni ujanja kweli. Lakini jibu hilo, likichukuliwa kwa uzito wake, limebeba swali ambalo wanazuoni wa Kiislamu waliligombania Baghdad na Cordoba zaidi ya miaka mia nane iliyopita, na ambalo watoto wa madrasa za Unguja hukutana nalo mapema sana: kitu kikitokea baada ya kingine, nani kasema cha kwanza ndicho kilicholeta cha pili?

Mashine zinazoletwa kwa mafundi wa Darajani, Mchangani na Mlandege, mjini Unguja, kwa kazi hii ya kuongeza RAM zinafanana. Nyingi ni Dell OptiPlex au HP Compaq zilizomaliza miaka yao katika ofisi za ng'ambo, zikaingia sokoni kama mitumba, kisha zikashushwa bandari ya Malindi. Mashine huja na RAM ya GB 2, na mwenye duka la stesheneri anataka 4 au 8 ili afungue barua, picha za pasipoti na intaneti kwa pamoja bila mashine kuganda. Kazi inaonekana ya dakika tano: fungua kasha, chomeka kijiti, funga.

Kumbe mitego imejaa. Kijiti cha RAM cha aina ya DDR2 na cha kizazi kilichofuata, DDR3, vyote vina pini 240 na urefu ule ule, ila pengo lililokatwa ukingoni halikai mahali pamoja, na umeme vinaoutaka unatofautiana: volti 1.8 kwa cha kwanza, 1.5 kwa cha pili. OptiPlex 755 inataka DDR2. OptiPlex 780, inayoshabihiana nayo kwa kasha, inataka DDR3. Kuna chipu za ubao mama, kama Intel 945G, ambazo hazivuki GB 4 uzipe RAM ya thamani yoyote. Kuna vijiti vya DDR2 vya GB 4 vinavyouzwa kwa bei ya kuvutia kwa sababu ndani vimepangwa kwa namna ambayo mbao za AMD huisoma na za Intel haziisomi. Kuna vilivyotolewa kwenye seva, vinavyoingia kwenye sloti bila tabu na bado mashine ya kawaida isivitambue. Na hata RAM yote ikisomwa, Windows ya biti 32 haiwezi kuhesabu anwani zaidi ya GB 4, na sehemu ya anwani hizo hupewa vifaa vingine. Mteja aliyelipia GB 4 anaona 3.25 kwenye skrini, na moyoni anamshuku fundi kuwa kachomoa kitu.

Hayo yote yameandikwa kwenye vitabu vya mashine. Yasiyoandikwa ni ya mahali. Mji Mkongwe umekaa kwenye rasi, na hewa yake ina chumvi na unyevu karibu mwaka mzima. Meno ya kijiti cha RAM yamepakwa dhahabu, na dhahabu haipati kutu, lakini mpako wenyewe ni mwembamba mno, una vitundu visivyoonekana kwa macho, na chini yake kuna nikeli na shaba. Unyevu hupenya. Utando mdogo ukijijenga kati ya jino na sloti, mashine inaona kijiti leo na kesho haikioni. Ndiyo maana dawa ya kwanza ya mafundi wengi ni raba ya shule: kusugua meno taratibu, kufuta vumbi lake kwa spiriti, kurudisha kijiti mpaka vibano vya pembeni vilie. (Anayesugua kila wiki atamaliza dhahabu yenyewe, na hapo atakuwa amejitengenezea ugonjwa mpya.)

Raba isipofaa, kazi yenyewe ndipo inapoanza. Fundi anachomoa vijiti vyote. Mashine ikiwashwa bila RAM hata kidogo, iliyo sahihi hulia milio yake ya kulalamika au kuonesha taa za onyo. OptiPlex za miaka ile zina vitaa vinne vyenye namba usoni kwa ajili hiyo hiyo. Ikilia, ni habari njema, kwani ubao mama angalau uko macho. Kisha anatia kijiti kimoja cha zamani kwenye sloti ya kwanza. Ikiwaka, anahamisha kijiti kile kile kwenye sloti ya pili. Ikiwaka tena, anakitoa na kutia kipya mahali pake. Anabadilisha kitu kimoja tu kila mara na vingine vyote anaviacha vilivyo. Mwaka 1843 Mwingereza John Stuart Mill aliandika kanuni hiyo katika kitabu chake cha mantiki na kuiita njia ya tofauti: matukio mawili yakilingana kwa kila jambo isipokuwa moja, na tokeo likawepo katika moja na kukosekana katika jingine, lile jambo moja ndilo la kutiliwa shaka. Fundi wa Mlandege hakuhitaji kumsoma Mill. Vijiti vyenyewe vimemfundisha.

Wenye haraka hubadilisha vitano kwa pamoja. Wanachomoa waya wa umeme, wanatoa betri ndogo ya ubao mama na kuirudisha, wanasugua meno, wanahamisha sloti, wanatia kijiti, wanawasha. Mashine inawaka. Mteja anacheka: “Kumbe raba tu! Na wewe unataka elfu kumi kwa raba?” Hapo hakuna anayejua kilichoiponya. Raba imepata sifa kwa sababu ndiyo iliyoonekana mkononi.

Na kuna mfano mchungu zaidi, ambao umeandikwa na kulipiwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilitengenezwa kwa kapasita mbovu, vile vikopo vidogo vilivyosimama juu ya ubao mama, ambavyo baada ya miaka michache vilifura na kuvuja. OptiPlex GX270 na GX280 zilikumbwa vibaya, na mwaka 2005 kampuni ya Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya matengenezo. Mtu aliyeifungua GX270 yake akaongeza RAM, akawasha, ikafa, alikuwa na kila haki ya kuapa kwamba RAM imeua mashine, kwa kuwa amelishuhudia kwa macho yake. Kumbe kapasita zilikuwa zimeshakufa nusu, na RAM ilifika tu msibani kabla ya wengine.

Macho yaliona nini, basi? Hilo ndilo swali la Abu Hamid al-Ghazali.

Al-Ghazali alifundisha katika chuo cha Nizamiyya cha Baghdad kuanzia 1091 hadi 1095, na katika miaka hiyo aliandika kitabu cha kuwapinga wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa, chenye masuala ishirini. Suala la kumi na saba linahusu moto na pamba. Pamba ikiguswa na moto inaungua, na wanafalsafa walisema moto ndio unaounguza kwa tabia yake, haukwepeki. Al-Ghazali akauliza: ushahidi wenu ni upi? Mnachokiona ni pamba kuungua wakati wa kukutana na moto. Kuungua kwa sababu ya moto hamjakuona. Viwili vimeandamana, na kuandamana hakuthibitishi kwamba kimoja kinalazimisha kingine. Anayeumba kuungua ni Mwenyezi Mungu, moja kwa moja au kwa kupitia malaika, na mpangilio tuliouzoea ni desturi aliyoiweka katika uumbaji wake, ambayo akitaka huivunja, kama alivyomwokoa Nabii Ibrahimu motoni. Mskochi David Hume naye alifika karibu na hapo karne ya 18, akiwa na kuandamana kule kule na mazoea yale yale, ila Mungu kamtoa kwenye hesabu.

Fikra hiyo si ya wageni Unguja. Masharifu wenye asili ya Hadhramaut, ambao elimu yao ilitia alama kubwa kwa wanazuoni wa Zanzibar kama Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir, wote waliofariki mwaka 1925, walivithamini vitabu vya al-Ghazali kwa kiwango ambacho vitabu vichache vilifikia. Na itikadi iliyoenea miongoni mwa Washafii wa pwani ni ile ya Ash'ari, inayofundishwa kwa sifa ishirini ambazo mtoto huzihifadhi kwa kuimba. Katika itikadi hiyo, kama alivyoieleza al-Sanusi wa Tlemcen katika karne ya 15, moto hauunguzi kwa tabia yake, kisu hakikati kwa tabia yake, na chakula hakishibishi kwa tabia yake. Mtoto wa miaka kumi huyakubali maneno hayo na kwenda zake kula. Hakuna anayesubiri kushiba bila ugali.

Kwa hiyo yupo anayeuliza, na ana haki: kama RAM haiwashi mashine kwa tabia yake, fundi anatafuta nini?

Swali hilo lilimkera sana Ibn Rushd wa Cordoba, aliyezaliwa 1126 na kufariki 1198. Katika kitabu chake cha kumjibu al-Ghazali alisema kwamba anayekanusha sababu amekanusha akili yenyewe, kwa kuwa akili si kingine ila ni kuvijua vitu kwa sababu zake. Kila kitu kina tabia inayokihusu, na kwa tabia hiyo ndipo kinapata jina na maana. Moto usiounguza si moto. Katika jambo hili mafundi wangesimama upande wake. Pengo la kijiti cha DDR3 halikai palipo pengo la DDR2, na hakuna desturi wala mazoea yatakayokifanya kiingie. Aliyewahi kukilazimisha kwa kidole gumba mpaka kikavunjika anajua kwamba vitu vina ukaidi wao.

Al-Ghazali mwenyewe aliliona tatizo, na akalitaja kwa mzaha ambao watu wasiomsoma hawautarajii. Kama lolote linawezekana, alisema kwa niaba ya wapinzani wake, basi mtu aliyeacha kitabu nyumbani hawezi kuwa na hakika kwamba hakijageuka farasi na kuchafua maktaba. Jibu lake ni kwamba Mwenyezi Mungu ameumba ndani yetu elimu ya kwamba mambo hayo hayatokei, ingawa yanawezekana. Desturi ya Mungu inategemeka. Na katika Ihya, kitabu alichokiandika baadaye, aligawa sababu kwa daraja zake: zipo za hakika, zipo za kudhaniwa na zipo za kuotea tu. Mwenye njaa aliyewekewa chakula mbele yake akakataa kunyoosha mkono kwa madai ya kumtegemea Mungu, al-Ghazali hamwiti mcha Mungu. Anamwita mwendawazimu.

Hapo ndipo hoja ya makala hii ilipo. Watu wengi huchukulia kwamba imani ya al-Ghazali inalegeza uchunguzi na falsafa ya Ibn Rushd inauchochea. Mezani kwa fundi mambo hugeuka. Anayeamini kwamba sababu imo ndani ya kitu na inaonekana kwa macho ndiye mwepesi wa kusema “RAM hii mbovu” baada ya kuona mara moja. Anayeamini kwamba ameona kuandamana tu, na kwamba kiungo kati ya viwili hakijawahi kuonwa na jicho la mtu, ana kila sababu ya kurudia: kutoa, kutia, kuhamisha, kuwasha tena. Shaka ya al-Ghazali inamtaka fundi afanye kazi zaidi. Kwa kinywa chake, “inshaallah” ni kauli ya kiasi cha anachokijua. Kwa kinywa cha mwenzake mvivu, neno lile lile ni pazia. Sauti haitofautiani, na mteja atayajua yote mawili kwa jambo moja tu, kama kijiti kilihamishwa sloti au hakikuhamishwa.

Lakini RAM ina makosa ambayo kuhamisha sloti hakuyakamati.

Mwaka 1978 wahandisi wa Intel walihangaika na chipu za RAM zilizokuwa zikibadilisha biti zao wenyewe, sifuri ikawa moja au moja ikawa sifuri, kisha zikapimwa na kuonekana nzima kabisa. Timothy May na Murray Woods waligundua kwamba vifuniko vya kauri vilivyozifunika chipu vilikuwa na chembe ndogo mno za madini yenye mionzi, urani na thori, na mnururisho mmoja tu wa chembe hizo uliweza kugeuza biti. Baada ya vifuniko kusafishwa ilibaki mionzi inayotoka angani, ambayo haina kiwanda cha kulaumiwa. Tarehe 18 Mei 2003, katika uchaguzi wa Ubelgiji, mashine ya kura huko Schaerbeek ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Namba hiyo ni mbili iliyozidishwa yenyewe mara kumi na mbili, yaani biti moja hasa iliyogeuka. Wataalamu walipitia programu na vifaa, hawakukuta kosa, na maelezo waliyobaki nayo ni kwamba biti iligeuka yenyewe. Waliandika sababu waliyoifikia kwa kuzikosa nyingine zote.

Fundi wa Unguja akiisikia hadithi hiyo huweza kuitumia vibaya: mashine ikiganda mara mbili kwa wiki, atasema ni mionzi ya angani. Ndipo takwimu zinapomrudisha mezani. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto na Google walichapisha uchunguzi wa RAM za seva nyingi za kampuni hiyo, na wakaona kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vilipata kosa ndani ya mwaka. Makosa hayo hayakutawanyika ovyo kama yangekuwa ya angani. Kijiti kilichokosea jana ndicho kilichoelekea kukosea kesho, dalili kwamba mengi yao yalitokana na ubovu wa kifaa chenyewe. Programu kama MemTest86, iliyoanza miaka ya 1990, huandika na kusoma kila pembe ya RAM kwa saa nyingi, na ikiachwa usiku kucha hukamata vijiti vingi vya namna hiyo. Isipokamata kitu, haijathibitisha uzima. Imesema tu kwamba usiku huo desturi haikuvunjika.

Kisiwa kizima kiliwahi kuwekwa kwenye meza ya fundi. Tangu 1980 Unguja ilipata umeme kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Usiku wa tarehe 21 Mei 2008 njia hiyo ilikatika, na kisiwa kilikaa gizani takriban mwezi mmoja, mpaka katikati ya Juni. Desemba 2009 ilikatika tena, na safari hiyo giza lilidumu karibu miezi mitatu. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, uliogharimiwa na Marekani kupitia shirika lake la misaada, MCC, ulizinduliwa 2013. Wenye kompyuta wanazikumbuka siku hizo kwa jenereta zilizokuwa zikipandisha na kushusha umeme, na kwa mashine zilizokuwa nzima kabla ya giza na mbovu baada yake.

Mchumi Alfredo Burlando aliona katika giza la 2008 jambo ambalo watafiti hulipata kwa nadra: kitu kimoja kikubwa kilibadilika, kwa ghafla, na mengine yakabaki karibu kama yalivyokuwa. Kumbukumbu za wodi ya wazazi zilimwonesha kwamba miezi minane hadi kumi baada ya giza watoto waliozaliwa waliongezeka, hasa walikotoka watu waliokuwa na umeme, na kwamba watoto waliokuwa tumboni wakati huo walizaliwa na uzito mdogo kidogo, kwa kuwa kazi na vipato vya wazazi vilikatika. Tafiti zake mbili zilichapishwa 2014. Baraza zima la wazee lingeweza kumwambia habari ya watoto bila kuomba fedha za utafiti. Habari ya uzito hakuna baraza lililoiona.

Kuna swali moja, hata hivyo, ambalo Burlando hana njia ya kulijibu, na fundi hana sloti ya kulipima. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard aliliandika 1937 baada ya kuishi na Wazande, ambao leo wako Sudan Kusini, Kongo ya kaskazini-mashariki na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ghala la nafaka linaanguka na kuwaumiza waliokaa kivulini mwake. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lilianguka saa ile, walipokaa wale. Mzungu husema ni bahati mbaya na kunyamaza. Mzande huona kwamba mzungu ameacha nusu ya swali.

Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 na lililojulikana kwa taa za umeme zama ambazo mji ulikuwa wa taa za mafuta, lilianguka sehemu yake kubwa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati. Watu wawili walifariki. Sababu za aina ya mchwa zilijulikana kwa miaka: ukongwe, unyevu, uzito, na sehemu nyingine ya jengo iliyokwisha kuanguka mwaka 2012. Kwa nini siku ile, kwa nini wale, mwana wa Mji Mkongwe hujibu kwa neno moja, ajali ya Mungu, na hakosei. Kosa linaingia pale jibu la swali la pili linapotumiwa kulifunga la kwanza.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imebeba watu kupita kiasi kilichoruhusiwa kwa mbali sana. Mamia walikufa. Nyumba za Unguja na Pemba zilisoma hitima na kusema ni kadari, na waliosema hivyo walikuwa wakisema kweli ya dini yao. Tume iliundwa pia, ikauliza nani aliuza tikiti na nani aliruhusu meli kung'oa nanga. Wapo waliohisi kwamba maswali hayo yanagongana na hitima. Theolojia inayofundishwa hapa haioni mgongano. Wafuasi wa Ash'ari walisema kwamba tendo huumbwa na Mungu na huchumwa na mja, na kwa kuchuma huko mja huulizwa. Waibadhi, watu wa madhehebu ya masultani wa zamani wa Zanzibar, wanakubaliana nao katika hili. Kuzama ni kwa Mungu, na abiria wa ziada wana mtu aliyewapakia. Na maswali hayo hayakukaa muda mrefu bila kurudi: meli ya MV Skagit ilizama kabla ya mwaka kutimia, Julai 2012, karibu na Chumbe.

Mafakihi hawakuwa na anasa ya kusubiri al-Ghazali na Ibn Rushd wamalizane. Walikuwa na watu wawili mbele yao, mmoja anataka fedha zake. Katika Minhaj ya Imam al-Nawawi, kitabu ambacho vizazi vya wanafunzi wa Zanzibar wamekisomea fikhi ya Kishafii, bidhaa yenye aibu iliyojificha inarudishwa, kwa masharti: aibu iwe ilikuwapo kabla mnunuzi hajaipokea, na mnunuzi akishaijua asikae nayo. Ikizuka aibu nyingine mikononi mwake, hawezi tena kumlazimisha muuzaji aipokee. Na wakibishana aibu ni ya zamani au ni mpya, na hakuna ushahidi, anayesadikiwa ni muuzaji kwa kiapo chake, kwa kuwa asili ya kitu ni uzima mpaka ubovu uthibitike.

Kijiti cha RAM kinaingia katika mlango huo bila kubadilishwa hata sharti moja. Mnunuzi anakirudisha na kusema kilikuwa kibovu tangu dukani. Muuzaji anasema kimekufa kwa ubao wake mama, au kwa kidole chake, au kwa umeme wa kwake. Mahakama za kadhi Zanzibar siku hizi husikiliza ndoa, talaka na mirathi, kwa hiyo kesi hii huishia kwenye kaunta ya duka. Muuzaji mwenye busara hukichomeka kijiti kwenye mashine yake mwenyewe mbele ya mnunuzi, akaonesha namba kwenye skrini, akaandika tarehe kwenye risiti, na kwa kufanya hivyo ameshapata ushahidi wa hali ya kitu wakati wa kukabidhiana bila kula yamini. Mnunuzi naye, kama ana akili, huleta mashine yake nzima na kutaka kijaribiwe humo, kwa sababu kufanya kazi kwingine hakumsaidii. Muuzaji anampa dhamana ya wiki moja. Mnunuzi anataka mwezi.

“Mwezi mzima, sheikh wangu? Umeme wenyewe wa huku unaujua.”

“Basi wiki mbili, na ukijaribu mbele yangu.”